Kulazwa usingizi kwa dawa au kubaki macho siku za mwisho
Daktari Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa hugusa mwili, akili, jamaa na roho kwa pamoja.

Usingizi wa dawa, mara nyingi midazolamu, humfaa mgonjwa ambaye fadhaa au kuhema kwake kumeshindikana kutulizwa kwa njia nyingine. Anapumzika, ila mazungumzo yanakatika. Kwa hiyo aulizwe mapema, angali anaweza kujibu.

Mazoezi ya utulivu wa akili ni jambo jingine: kuifuata pumzi ikiingia na kutoka, kuhisi uzito wa mkono juu ya shuka, kuitambua hofu bila kupigana nayo. Hayaondoi maumivu ya mfupa ulioingiwa na saratani, na kumnyima mtu mofini, dawa kali ya maumivu, kwa kisingizio cha mazoezi hayo ni kumtesa. Yakienda pamoja na mofini, ambayo kusinziisha kwake kwa wengi hupungua baada ya siku chache, humwachia nafasi ya kuagana na watu wake.

Mimi ningeanza na mazoezi haya pamoja na mofini. Lakini dalili zikishindikana, naye akasema "nimechoka, nilazeni", asibembelezwe abaki macho kwa ajili yetu.