Mkataba wa miaka miwili au mwaka wa uanagenzi: njia mbili za kupata walimu wa mijini Marekani

Miji ya Marekani inayotafuta walimu Weusi na Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) ina njia mbili zinazojulikana sana. Teach For America, iliyopeleka kundi lake la kwanza madarasani mwaka 1990, humpa mhitimu wa chuo mafunzo ya wiki chache wakati wa kiangazi, kisha humkabidhi darasa kwa ahadi ya miaka 2. Nafasi hujazwa haraka, lakini ahadi yenyewe ni fupi mno.

Boston Teacher Residency, iliyoanzishwa mwaka 2003, humweka mwanagenzi mwaka mzima kando ya mwalimu mzoefu huku akisomea shahada ya uzamili, naye huahidi kufundisha katika shule za umma za Boston miaka 3 zaidi. Mwanzoni mwanagenzi hutazama jinsi mwalimu huyo, mwenyeji wake, anavyowapokea watoto mlangoni na kulituliza darasa. Baadaye huongoza somo mwenyewe, mwenyeji akiandika maoni kutoka nyuma. Naipendelea njia hii, kwa sharti kwamba posho itoshe kodi ya nyumba, kwani mwaka usio na mshahara kamili humuumiza zaidi kijana ambaye familia yake haina akiba.

Hata hivyo, hakuna njia kati ya hizi inayomwondolea mwalimu Mweusi au Mlatino mzigo wa ziada anaobebeshwa akishaajiriwa: kuwatia adabu wanafunzi wakorofi na kuwatafsiria wazazi bila malipo. Hilo liko mikononi mwa mwalimu mkuu.