Seti ya hewa ukaa kwa tangi la mimea: sanduku lilikuwa rahisi, mtungi ndio kazi

Seti hii ya kuipa mimea ya tangi la samaki hewa ukaa (CO2) naipa nyota nne kati ya tano. Nasema mapema ili mwenye haraka ajiendee. Regyuleta, yaani kifaa cha kupunguza presha ya mtungi, ni imara, vali ya sindano ya kurekebisha viputo inatii hata ukiigusa kidogo, vali ya umeme ya kufungua na kufunga gesi haipigi kelele, na bei ya 420,000/= za Uganda pamoja na usafiri kutoka China siilalamikii. Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya kipande cha nailoni kisichozidi sarafu ya shilingi hamsini, ambacho hakikuwamo kwenye sanduku. Nitakifikia.

Tangi langu liko sebuleni, Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala. Ni la sentimita 60 kwa 30 kwa 36, yaani lita 65 hivi kabla ya mchanga na mawe. Maji ni ya bomba, ya Ziwa Victoria yaliyosafishwa, nayo ni laini: kwa kipimo changu cha matone KH, yaani kiasi cha bikaboneti majini, ni 3. Mmea wangu mmoja, valisneria, ulikuwa unakwenda vizuri tu bila gesi, maana ile inaweza kujichotea kaboni kutoka kwenye bikaboneti iliyomo majini. Mmea mwingine, rotala, hauna ujanja huo. Mwaka mzima ilisimama pale pale, majani madogo, rangi ya kahawia, chini vishina vitupu. Nilibadilisha taa, nikaongeza mbolea, nikapata mwani mzuri sana.

Kabla ya seti nilikuwa mtu wa hamira. Chupa ya soda ya lita 2, sukari vikombe viwili, hamira nusu kijiko cha chai, maji ya uvuguvugu hadi karibu na shingo, na mpira mwembamba kutoka kwenye kizibo hadi ndani ya tangi. Hamira inakula sukari, inatoa pombe na hewa ukaa. Pombe inabaki chupani, gesi inakwenda kwa mimea. Kwa elfu chache unapata viputo vya wiki mbili. Shida ni kwamba chupa haina pa kufungia. Mchana wa joto inafoka, alfajiri ya baridi inalala, na usiku, wakati mimea haihitaji gesi hata kidogo, yenyewe inaendelea tu. Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Tororo alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara mbili, akauliza kwa upole, "Mkwe wangu, siku hizi malwa mnatengenezea hapa hapa sebuleni?" Malwa, pombe ya ulezi, anaijua kuliko mimi, kwa hiyo sikubishana. Wiki iliyofuata nilijaza chupa kupita kiasi, povu likapanda kwenye mpira, tangi likawa jeupe kama uji. Hapo ndipo nilipoagiza seti.

Sanduku lina regyuleta yenye saa mbili za kusomea presha, vali ya umeme, vali ya sindano, kikombe cha kuhesabia viputo, vali ya kuzuia maji yasirudi, mita tatu za mpira mgumu, difyuza ya kioo ya kuvunja gesi iwe viputo vidogo, na kichupa cha rangi cha kupimia gesi. Mtungi hamna. Hili waliandika wazi kwenye tangazo, siwezi kuwalaumu.

Mtungi wa tangi la samaki sikuuona katika duka lolote la Kampala nililopita. Nikaenda kwa watu wanaojaza vizimamoto, kule viwandani, regyuleta nikiwa nayo ndani ya begi ili tujaribishe nati pale pale. Fanya hivyo na wewe, kwa sababu nyuzi za mitungi, yaani mikato inayoshika nati, hutofautiana nchi kwa nchi. Mzee wa pale aliipokea, akaigeuzageuza.

"Kijana wangu, gesi hii ni ya nini?"

"Ya tangi la samaki, mzee."

"Samaki wanavuta hewa ukaa?"

"Mimea yao."

Akaiweka regyuleta mezani polepole, kama mtu anayerudisha chenji isiyo yake. Lakini nilipomwonyesha picha ya tangi kwenye simu alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi, na akaniambia jambo ambalo kwenye karatasi ya maelekezo halimo. Mtungi wa kuzimia moto una mrija ndani, unaoshuka kutoka kwenye kichwa hadi chini kabisa. Ndani ya mtungi uliojazwa, hewa ukaa ni kimiminika chini na gesi juu, na mrija ule umewekwa makusudi ili kutoke kimiminika. "Ukifunga hivi hivi," akasema, "regyuleta yako itakunywa maji, haitavuta hewa." Ikinywa, itaganda na kuharibika. Mtungi wa mkono wa pili wa kilo 2 aliutoa gesi yote iliyobaki, akafungua kichwa, akachomoa mrija wa plastiki mrefu kama mkono wangu, akafunga kichwa kingine chenye gurudumu la kufungulia, akaupima presha, akaujaza. Kazi hii usiifanye nyumbani kwa spana ya jirani. Mtungi wa namna hii, katika joto la nyuzi 25, una presha ya baa 64 hivi. Tairi la gari ndogo lina baa mbili na kitu.

Nyumbani nilifika kwa boda, mtungi umesimama katikati yangu na dereva, ambaye hakuuliza kitu hadi tulipopita Kireka. Aliuliza kama unalipuka.

Sasa kile kipande. Mahali regyuleta inapokutana na mtungi, kinachozuia gesi isivuje ni washa, kijipete bapa cha nailoni, inayobanwa katikati ya bapa mbili. Nyuzi za nati kazi yake ni kukaza tu. Mimi sikulijua hilo, na washa haikuwamo, kwa hiyo nikafanya kama fundi bomba yeyote wa mtaani: nikazungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi, nikakaza hadi mkono ukauma. Saa ya presha ikapanda, viputo vikatoka, nikamwita mke wangu aje kuona. Siku ya nne saa ikasoma sifuri. Kilo 2 zote zilikuwa zimekwenda na upepo, na mimi nilikuwa nimelala mita nne kutoka pale.

Hesabu niliifanya baadaye na haikunifurahisha. Kilo 2 za hewa ukaa zikigeuka gesi ni zaidi ya mita moja ya ujazo, na gesi hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatambaa chini. Sebule yetu ina madirisha yanayoshinda wazi, ndiyo maana hatukuhisi lolote. Chumba cha mtoto chenye mlango uliofungwa kingekuwa habari nyingine. Mtungi ukae penye hewa, usimame wima, na uegemezwe au ufungwe kitu ili usianguke.

Washa nilizipata kwa yule yule mzee, elfu mbili kila moja. Nikanunua kumi. Ukishafunga, chukua sabuni ya kuoshea vyombo, itie maji kidogo, ipake kwa brashi kwenye kila kiungo kuanzia mtungi hadi kikombe cha viputo, kisha ukae uangalie dakika nzima. Cha kwangu kingine kilikuwa kinavuja chini ya kikombe, kiputo kimoja kidogo kama kichwa cha pini, kinakua taratibu, kinapasuka, kinaanza tena.

Kuhusu saa ya presha, usiisome kama geji ya mafuta. Kwa kuwa ndani kuna kimiminika, presha hubaki pale pale mtungi ukiwa umejaa na ukiwa umebakiza nusu; inaanza kushuka kimiminika kikiisha, na hapo mtungi unaelekea mwisho. Regyuleta ya hatua moja kama hii yangu ina tabia nyingine mbaya hapo mwishoni: presha ya mtungi ikishuka, ile inayotoka kwenda tangini hupanda, na gesi iliyobaki inaweza kumwagika kwa mkupuo. Samaki hawaamki. Kwa hiyo mimi napima uzito. Mtungi wangu mtupu na regyuleta yake ni kilo 5.9, ukijaa ni 7.9, na ukifika 6.2 unarudi kwa mzee bila mjadala.

Kichupa cha rangi ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote sandukuni na ndicho ninachokitazama mara nyingi zaidi. Kinabandikwa ndani ya tangi, kina dawa ya bromothimoli, na rangi yake ni bluu gesi ikiwa kidogo, kijani ikitosha, njano ikizidi. Karatasi ya maelekezo, ambayo Kiingereza chake kimepata misukosuko njiani, inasema ukijaze maji ya tangi. Usifanye hivyo. Rangi inategemea gesi na KH kwa pamoja. Ukitumia maji ya KH 4, kijani ni kama miligramu 30 za hewa ukaa kwa lita, kiwango ambacho wengi wetu tunakilenga. Ukitumia maji yangu ya KH 3, kijani kile kile ni miligramu 22 au 23, na juu ya hapo maji ya tangi yana asidi nyingine za majani na magogo zinazovuruga hesabu nzima. Maji ya KH 4 nilijitengenezea: gramu 1.2 za beking soda (si beking pauda) ndani ya lita moja ya maji ya kukeneka, kisha mililita 100 za mchanganyiko huo nikazijaliza hadi lita moja kwa maji yale yale. Gramu 1.2 nilipimiwa na sonara, ambaye aliiweka ile unga nyeupe kwenye mizani yake akiangalia mlangoni. Maji ya kukeneka ni yale wanayoongezea betri ya gari. Hakikisha ni maji kweli, maana gereji nyingine asidi nayo huiita maji ya betri.

Kumbuka pia kichupa kinachelewa. Rangi unayoiona sasa ni habari ya saa moja au mbili zilizopita. Ndiyo maana kuongeza viputo kila baada ya nusu saa ukisubiri kijani ni njia ya uhakika ya kuua samaki. Mimi nilianza na kiputo kimoja kwa sekunde, nikaongeza kidogo kila siku mbili, sasa niko kwenye viwili. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari na maji yetu hubeba oksijeni pungufu kuliko ya Mombasa, kwa hiyo nabakia kwenye kijani kilichokolea, sikisogezi karibu na njano, na mdomo wa filta nimeuelekeza juu ili uso wa maji utikisike.

Taa yangu inawaka saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku. Gesi inatangulia saa saba mchana na kuzimika saa mbili usiku. Umeme ukikatika, vali hujifunga yenyewe, na hilo ndilo lililonifanya niipende seti hii mwanzoni. Sikuifikiria taima, ile saa inayowasha na kuzima umeme. Ya gesi ilikuwa ile ya kuzunguka, yenye meno pembeni, na taima ya namna hiyo umeme ukikatika nayo inasimama. Jumamosi moja mtaa ulikaa bila umeme kwa muda wa saa tatu mchana ule, umeme ukarudi, taima ikaendelea ilipoachia. Taa, yenye taima ya betri, ilizima saa tatu usiku kama kawaida. Gesi ikaendelea kutoka gizani, mimea imelala, hadi saa tano. Niliamka kunywa maji nikasikia mlio mdogo kama wa mtu anayebusu: samaki wangu wa gapi wote kumi wako juu, midomo nje ya maji. Neon wawili walikuwa wamelala ubavu chini ya gogo. Nilichota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu kwa dakika ishirini, mke wangu akishika tochi, bila neno. Neon mmoja alisimama tena. Siku ya pili nilinunua taima nyingine yenye betri ndani, 35,000/=.

Mimea je? Wiki ya pili, kama saa kumi na mbili jioni, rotala ilianza kutoa vijiputo vya oksijeni kwenye ncha za majani, vidogo, vimepangana kama shanga, kimoja kinaachia na kingine kinashika nafasi. Wiki ya tano ilikuwa imefika juu ya maji, nyekundu kweli kweli, naikata kila Jumapili. Mwani mweusi wa ndevu uliokuwa kwenye magogo haukuisha, ila haujaongezeka. Mbolea inaliwa haraka mno. Potasiamu nimelazimika kuiongeza mara mbili. Mwenye anubiasi na valisneria pekee asijisumbue na haya yote.

Ni mwezi wa nane sasa tangu nianze. Mtungi unapungua gramu 40 hivi kwa wiki, kujaza tena ni 40,000/=, na difyuza naichovya kwenye jiki iliyozimuliwa kila mwezi, kisha naisuuza sana, vijitundu vyake visizibe. Asubuhi hii binti yangu amepima mtungi na kuandika kwa penseli ukutani, chini ya vipimo vya urefu wake: 6.6.