Setilaiti za juu au za chini: askari wa ardhini ategemee zipi?

Jeshi la Marekani lina njia mbili: kubaki na setilaiti zake za mawasiliano, kama MUOS, zilizo kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini, au kulipia huduma ya intaneti ya kampuni kama Starlink, yenye maelfu ya setilaiti kwenye kimo cha kilomita 550 hivi.

Kwa kasi, za chini hazishikiki. Swali na jibu kupitia setilaiti ya juu huchukua karibu nusu sekunde. Kupitia ya chini, hujamaliza kupepesa jicho. Lakini sahani yake, yaani antena ya kupokelea, inataka anga wazi na umeme wa kutosha. Askari aliyelala chini ya miti, redio mgongoni, atafaidika zaidi na MUOS, maana mawimbi yake ya redio, ya UHF, hupenya majani. Ni sauti na data kidogo tu, ila inafika.

Kinachonisumbua hasa ni umiliki. Ukraina imewasiliana kwa Starlink tangu 2022, lakini swichi iko mikononi mwa kampuni. MUOS nazo ni 5 tu, zilizorushwa kati ya 2012 na 2016. Ikiharibiwa moja, pengo ni kubwa.

Mimi ningeipa makao ya brigedi sahani ya kampuni, na redio ya UHF nisiitoe kamwe mgongoni mwa mtu wa doria.