The Last Guardian: Trico haendi ukibonyeza tu, na hapo ndo uzuri wake ulipo

Wadau mnaopenda gemu za viumbe vya ajabu, mazimwi, ndege wa kupanda na wanyama wa kichawi, leo naongelea The Last Guardian manake kila nikiona watu wanapendekezana gemu za aina hii zinatajwa zilezile tu na hii inarukwa. Ni ya PS4, mashine ya gemu ya Sony, ilitoka Desemba 2016, kwa iyo sio mpya, lakini ukija kwenye swala la mnyama anaeishi na wewe ndani ya gemu mimi sijaona iliyoifikia mpaka leo na nimecheza nyingi.

Stori kwa kifupi bila kuwaharibia. Dogo mmoja, ndo wewe unaemchezesha, anaamka pangoni, mwili umejaa michoro asiyojua imetoka wapi, na pembeni yake kuna dude kubwa limefungwa mnyororo shingoni. Dude lenyewe ndo Trico. Manyoya ya ndege mwili mzima, uso ukimwangalia hivi unaona mbwa akigeuza kichwa unaona paka, mkia mrefu mwembamba, pembe zimevunjika, mabawa yamechakaa hayawezi kumnyanyua, na amechomwa mikuki. Mmekwama kwenye magofu makubwa sana yaliyozungukwa na milima pande zote na hakuna anaetoka humo bila mwenzake, wewe unapenya kwenye matundu na kuvuta mitambo, yeye anaruka mapengo ambayo wewe huwezi hata kuyafikiria.

Sa angalia mwanzo wake ulivyo. Unamchomoa mkuki, anapiga kelele kwa maumivu anakurusha huko. Unamtafutia chakula, ni mapipa yenye mwanga wa buluu, unabeba moja unaliweka mbele yake, haligusi. Anakukazia macho tu. Mpaka urudi nyuma, ukae mbali kidogo, ndo anashusha kichwa na kula. Aliewahi kuleta nyumbani ng'ombe kutoka mnadani hii anaijua vizuri, unamwekea majani anasimama tu anakutolea macho, ukiondoka ndo anakula. Hakuna maandishi yanayokuja kukwambia uaminifu umeongezeka kwa pointi kadhaa, hakuna mstari wa maisha juu ya skrini, hakuna ramani pembeni, hakuna levo. Unamsoma mnyama mwenyewe, masikio yake, shingo yake, macho yake. Macho yakiwa meusi katulia, yakiwaka rangi ya pinki kaa mbali nae.

Haya tuje kwenye lawama kubwa, manake ukiuliza mtu aliecheza hii gemu atakwambia Trico hasikii. Ni kweli, una kitufe cha R1 cha kumwita na baadae unaweza kumwonesha aende wapi, aruke, apige, lakini ukimwambia ruka pale anaweza kuangalia juu, akanusa hewa, akajikuna sikio kwa mguu wa nyuma, akakaa chini, halafu ndo aruke. Watu wengi wamechukia hilo tangu 2016 wakaandika kwamba akili ya mnyama ni mbovu. Mimi siwaungi mkono kabisa. Ukibonyeza akaenda palepale basi hicho ni kifaa sio mnyama, na gemu za kupanda wanyama tunazo tele, chocobo, yule ndege mkubwa wa gemu za Final Fantasy, anapandwa tangu 1988, viumbe wa Pokémon wanapokea amri tangu 1996, sizidharau hata kidogo nazipenda, ila pale mnyama ni kitu unachokitumia. Trico ana woga wake, ana njaa yake, ana hamu ya kuchungulia kitu kilichomvutia, na amri yako inabidi ipite katikati ya hayo yote kwanza.

Na kuna namna ya kwenda nae. Usiminye R1 mfululizo, ukimwita mara kumi kumi anachanganyikiwa anageuka geuka tu. Toa amri mara moja, elekeza mwili wako upande unaotaka, nyamaza, msubiri. Pia mwangalie yeye anaangalia wapi, mara nyingi njia ameshaiona kabla yako na anakodoa macho kwenye kibaraza fulani juu wakati wewe bado unazunguka chini unatafuta mlango. Ukicheza hivo kadri mnavyoenda anaanza kukuelewa haraka zaidi, na unaona kabisa kwamba yule wa mwishoni sio yule wa pangoni.

Aliyeiongoza hii kazi ni Fumito Ueda wa Japani, ndo yuleyule wa gemu za Ico ya 2001 na Shadow of the Colossus ya 2005, na waliocheza Shadow wanamkumbuka farasi Agro, ambae nae hukuwa unamwendesha kwa kumnyonga usukani, ukikaribia genge anakwepa mwenyewe. Trico ni wazo lilelile limekuzwa likawa gemu nzima. Kazi ilianza 2007, ikaoneshwa 2009 ikiwa ya PS3, PS3 ikashindwa kuubeba mzigo, Ueda akaondoka Sony 2011 lakini akaendelea nayo kutokea nje, watu wakaanza kuamini imekufa, mpaka ikaibuka upya kwenye maonesho ya gemu ya E3 ya 2015 ikiwa ya PS4. Miaka yote hiyo unaiona kwenye yale manyoya, yanapepea unyoya mmoja mmoja upepo ukipita, yakilowa yanashuka, akitoka kwenye maji anajikung'uta mwili mzima na wewe ukiwa mgongoni shikilia sana.

Maji yenyewe awali anayaogopa. Kuna sehemu lazima apite kwenye bwawa na hataki, anazunguka ukingoni analia lia, mpaka umrushie pipa la chakula ndani ya maji ndo ajitose. Na ukiingia peke yako kwenye kitundu kidogo ye anabaki nje anaingiza pua mlangoni, anakuita kwa sauti ya huzuni, hapo mtu unajikuta unafanya haraka umrudie ingawa hakuna saa inayokukimbiza.

Maadui ni masanamu ya chuma, mavazi ya askari ndani hamna mtu. Wewe huna silaha kwa sehemu kubwa ya gemu, wakikukamata wanakubeba begani wanakupeleka kwenye mlango wao, herufi za ajabu zinajaa kwenye skrini na wewe unabonyeza vitufe vyote ujitoe, huku unasikia nyuma yako ukuta unabomoka manake Trico anakuja. Anawapondaponda wote. Halafu, na hiki ndo kipande ninachokipenda kuliko vyote, pigano likiisha yeye hatulii, macho bado yanawaka, anahema, anazunguka anakanyaga vyuma ambavyo vimeshavunjika. Inabidi umpande, umchomoe mikuki mmoja mmoja, umpapase. Damu kwenye manyoya inafutika pale hasa unapopapasa, ukihamia shingoni analegeza, ukienda nyuma ya masikio anatoa mlio mwingine kabisa, na taratibu macho yanarudi kuwa meusi. Yani gemu nyingine pigano likiisha unaokota zawadi unaondoka, hapa unabaki kumhudumia aliekupigania.

Na utegemezi unageuka. Kuna vioo vya rangi vyenye umbo la jicho, akiviona anagoma kabisa, anarudi nyuma anatetemeka, lidude lenye nguvu zote zile. Hapo ni wewe kadogo ndo unaenda kuviondoa. Kuna sehemu nyingine yeye ameshavuka, wewe umebaki ukingoni, njia hamna, na pengo unaona kabisa hulifiki kwa kuruka. Anakutazama. Unaruka hivohivo. Sisemi zaidi, ila hiyo ruka inakuwa na uzito kwa sababu ya masaa yote mliyolishana na kupapasana kabla yake, ungeiweka mwanzoni mwa gemu isingekuwa na maana yoyote.

Lugha anayoongea dogo ni ya kubuni, hakuna mtu duniani anaeijua, kwa iyo kila mchezaji popote alipo anasoma maandishi chini, na msimuliaji ni mzee anaekumbuka haya yaliyompata utotoni. Muziki wa Takeshi Furukawa unakuja kwa nadra, muda mwingi ni upepo na pumzi ya Trico tu, vaeni hedifoni.

Sasa ubaya wake, na huu sitaufunika. Kamera ni shida ya kweli. Mkiwa kwenye chumba kidogo mwili wa Trico unajaza skrini yote, hujui umeangalia mbele au nyuma, na katikati ya pigano hilo linakera sana. Dogo nae anajikwaa, anashikilia manyoya kwa ubishi hata pale unapotaka ashuke. Watetezi wa gemu huwa wanasema hayo yote ni makusudi, dogo ni mtoto lazima ajikwae, hapo kwenye dogo nakubali lakini kamera hapana, kamera sio mnyama wala mtoto, ilitakiwa irekebishwe. Kwenye PS4 ya kawaida picha pia inakwama kwama sehemu zenye uwanja mkubwa, PS4 Pro ina nafuu kiasi.

Kama una PS5 yenye sehemu ya diski fanyeni hivi: tafuteni diski hata ya mtumba, ichezeni bila kuipakua apdeti. Toleo la kwanza lililo kwenye diski halikuwekewa kikomo cha fremu, yani picha zinazopita kwenye skrini kila sekunde, PS5 inaipeleka mpaka fremu 60 na inakuwa laini kama gemu ya juzi, wakati ukiiapdeti inafungwa kwenye 30. Ukiinunua mtandaoni unapata iliyoapdetiwa, huna ujanja. Na diski inakuokolea bando pia.

Inachukua kama masaa 12 mpaka 15. Xbox haipo, PC haijaletwa rasmi. Kwa watoto kuna damu ya mnyama na baadhi ya vipande ni vizito, kaeni nao mkicheza, hasa ule mwisho, manake wataanza kuuliza maswali kuhusu Trico na mtatakiwa muwe mmekaa hapo kuyajibu.