Kaseti ya miaka ya 1980 au simu ya leo?

Udi, ala ya nyuzi, wa Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Lamu, ukisikika tu barazani, ubishi huanza: muziki usikilizwe kwa kipi?

Kwa gharama, simu yashinda: nyimbo mia hazina uzito mfukoni. Ila ukisikiliza mtandaoni, bando likiisha umebaki na kioo. Kaseti ilitaka mawe ya redio tu.

Matunzo ndiyo yenye maneno. Kaseti ya dakika 60 ilicheza nusu saa, uigeuze. Utepe ukiliwa na redio, uliuzungusha kwa kalamu, pole pole, na chumvi ya bahari haikuwa na huruma. Mama alizifunga zake kwa leso. Simu nayo ikitumbukia majini mashuani, imekwenda na yote.

Msafiri, chukua simu. Mwenye kaseti za harusi za kwao, zisizopatikana pengine, asiitupe redio.