Hadubini ya USB kwa prosesa za zamani zilizofutika maandishi: uzoefu wangu

Kama unanunua prosesa kuukuu (chipu inayoendesha kompyuta) kutoka kwa wauza chuma chakavu hapa Kampala, hadubini ndogo ya USB inastahili kila shilingi. Yangu haina hata jina la kampuni. Niliinunua mjini kwa shilingi 85,000, unaichomeka kwenye laptopu na picha inatokea kwenye skrini. Boksi linadai inakuza mara 1600. Haifiki huko, wala huhitaji ifike. Kwa kazi hii ukuzaji wa mara arobaini au hamsini unatosha.

Kule Kisenyi, mtaa wa Kampala, prosesa hizi zinauzwa kwa kilo, kwa sababu wengi wanaozitafuta wanataka dhahabu iliyopakwa kwenye miguu na kifuniko. Mimi naitafuta prosesa yenyewe, na naumia sana nikiona 386 nzima, prosesa ya zamani ya Intel, ikienda kuyeyushwa. Shida ni kwamba nyingi hazina maandishi tena. Zipo ambazo wino umesuguliwa na miaka ya kubanwa chini ya feni, na zipo zilizokwanguliwa makusudi. Miaka ya 1990 wajanja walikuwa wanachukua Pentium (prosesa ya Intel iliyofuata 486) ya kasi ndogo, wanasugua uso wake, wanachapa namba ya kasi kubwa na kuiuza ghali.

Ukishaichomeka, kwanza zima taa zake. LED zile zinapiga wima juu ya ganda la kauri la prosesa na mng'ao unameza kila kitu. Chukua tochi ya simu, ilaze mezani, mwanga upite ubavuni mwa prosesa. Hapo herufi zilizochongwa kwa leza zinatoa vivuli, hata kama jicho lilikuwa halioni chochote. Msasa nao unajulikana: kauri iliyotoka kiwandani ina chembechembe zisizo na mpangilio, lakini iliyosuguliwa ina mikwaruzo inayoelekea upande mmoja. Nikiona mikwaruzo hiyo, uso sina haja nao tena, hata kama umeandikwa vizuri.

Nageuza tumbo, yaani upande wa chini wenye miguu. Pentium nyingi za kauri zimeandikwa huko pia, katikati ya miguu, na mara nyingi mwenye msasa alishughulika na uso tu. Nina moja ambayo uso wake ni mtupu kabisa. Tumboni, chini ya tabaka la uchafu, hadubini ilinionyesha A80502133, kisha SY022, kisha /SSS. Hapo hakuna la kubahatisha: 80502 ni Pentium ya kizazi cha pili, 133 ni megahezi, SY022 ni msimbo wa Intel wa toleo hilo, na S ya kwanza inamaanisha volti za kawaida, kati ya 3.135 na 3.6. Uchafu niliutoa kwa brashi kavu ya meno. Tafadhali usikimbilie spiriti, maana maandishi ya wino yanaweza kuondoka pamoja na uchafu.

Mafundi wenzangu huniambia, iweke tu kwenye bodi ya kompyuta uiulize. Ni kweli, ukiipa amri ya CPUID itajitaja: GenuineIntel, AuthenticAMD au CyrixInstead. Lakini amri hiyo ilikuja na Pentium mwaka 1993 na 486 za mwishomwisho. 386 na 286 hazina. Halafu, Pentium haitakwambia iliuzwa kwa kasi gani. Kasi inapangwa na jampa za bodi (vibanio vidogo vya kuunganisha pini), na ndiyo maana ule utapeli ulifanikiwa. Kubwa zaidi ni volti. Pentium ya kwanza ya Soketi 7 (tundu la bodi linalopokea prosesa) inataka karibu 3.3, Pentium MMX inataka 2.8, na K6-2 ya AMD nyingi zinataka 2.2, na zote zinaingia kwenye soketi ileile. Ukiipa K6-2 volti 3.3 unaweza kuichoma kabla haijataja jina lake. Kwa hiyo kwangu hadubini kwanza, umeme baadaye.

Kuna mahali haisaidii kitu. Prosesa bapa ndefu za miguu 40 zikipigwa msasa hazina tumbo la kusoma, na 8086, 8088, Z80 na 6502 zote zina idadi hiyohiyo. Hapo natumia mita ya umeme kupima miguu ipi imeunganika. 8086 na 8088 zina graundi mbili, mguu wa 1 na wa 20, kwa hiyo miguu hiyo miwili huonyesha imeunganika. Kwenye 6502 ni wa 1 na wa 21. Z80 ina graundi moja tu, mguu wa 29, na umeme wake unaingilia mguu wa 11. Kutenganisha 8086 na 8088 kwa mita peke yake sijui fundi anayeweza. Zile za mraba, hesabu miguu: 132 ni 386, 168 ni 486, 387 ni Pentium Pro, 296 ni Pentium. Yenye 68 inaweza kuwa 286 au 80186, usiamue haraka.

Kasoro za hadubini yenyewe ni mbili. Kitufe cha kupigia picha kiko juu ya mwili wake, ukikigusa tu picha inatikisika; piga picha kwa kibodi ya laptopu. Na stendi ya plastiki iliyokuja nayo inalegea, unalenga herufi moja, ukiachia mkono inashuka hadi kwenye miguu. Ile nimeitupa. Fundi wa kuchomelea kule Katwe amenitengenezea ya chuma, yenye bolti ya kukaza shingo, na sasa naweza kushika tochi kwa mkono mmoja na kuandika namba kwa mwingine.