etckeeper: nimeacha kunakili faili za seva kwa mkono

Natunza seva mbili za ofisi moja hapa Mwanga, Kigoma mjini. Zamani kabla ya kugusa faili la mipangilio nilikuwa nalinakili kwanza: dhcpd.conf.zamani, dhcpd.conf.zamani2, dhcpd.conf.USIFUTE. Mwezi ukipita sikumbuki lipi ndilo lilikuwa zima.

Sasa natumia etckeeper, programu ya bure aliyoianzisha Joey Hess, inayoiweka saraka yote ya /etc (ndiko faili za mipangilio ya seva za Linux zinakokaa) ndani ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili. Ukisakinisha kitu kwa apt, amri ya kusakinisha programu, yenyewe inarekodi hali ya kabla na ya baada. Tena Git peke yake haitunzi mmiliki wa faili wala ruhusa zake zote. Etckeeper inaziandika pembeni ili zirudishwe kama zilivyokuwa. Kwa faili nyeti kama /etc/shadow, linalotunza nywila zilizofichwa za watumiaji, hilo ni jambo kubwa mno.

Juzi saa nne usiku kompyuta za ofisi zilikosa anwani za mtandao, muda mfupi tu baada ya mimi kugusa mipangilio ya DHCP, huduma inayozigawia anwani hizo. Nikaandika sudo etckeeper vcs diff, nione nilichobadilisha. Mstari mmoja mwekundu (wa zamani), mmoja wa kijani (mpya): nilikuwa nimefuta nukta mkato! Nikairudisha, nikawasha huduma upya, nikapanda bodaboda kwenda zangu Gungu.

Kasoro: inavyojirekodi kila siku haielezi sababu ya badiliko, kwa hiyo maelezo naandika mwenyewe. Na kwa kuwa /etc imebeba siri za seva, nakala yangu siipandishi mtandaoni. Iko kwenye flashi, kwenye droo yenye kufuli.